Mnunuzi Anapotaja Bei ya Kutupa

Mazungumzo ya redioni. Masomo: Mithali 20:14, Mambo ya Walawi 25:14–17, Mwanzo 23.

 

Leo nataka tuzungumze juu ya cherehani kuukuu, na baiskeli, na viti vya sebuleni, na kitanda cha mtoto ambaye sasa amekuwa mtu mzima. Nataka tuitazame siku ile unapotoa kitu chako nje ili ukiuze, halafu anakuja mtu, anakizunguka mara mbili, anakigusa kwa ncha ya kiatu, kisha anataja bei ambayo hata mwizi angeona haya kuitaja. Utamjibu nini mtu huyo?

Huenda wengine wakashangaa kwamba mchungaji anatumia dakika za Neno la Mungu kwa jambo la sokoni. Lakini Neno la Mungu lenyewe halikuona haya kuingia sokoni. Fungueni Mithali, sura ya 20, mstari wa 14, nanyi mtamkuta mnunuzi huyu huyu. Mbele ya muuzaji huidharau bidhaa na kuiita mbovu. Akiisha kuipata na kufika kwa wenzake, hujitapa. Mwenye hekima aliyeandika hayo hakuongeza neno. Alituchora tu, akatuacha tujitambue. Nami nilijitambua, kama nitakavyowaeleza kabla ya kipindi kwisha.

Kwanza tuelewe bei ndogo hutoka wapi, maana si kila anayeitaja ana moyo mbaya. Katika masoko yetu kushusha bei ni kama salamu. Mtu akiulizwa hali hujibu nzuri hata kama ni mgonjwa; akitajiwa bei husema punguza hata kama ameiona kuwa ya haki. Huyo usimkasirikie. Yuko pia mchuuzi anayenunua ili auze tena. Yeye ana nauli ya kulipa, ana fundi wa kulipa, ana kibanda cha kulipia, na kitu chako kinaweza kukaa kwake miezi mitatu bila kupata mtu. Hawezi kukupa bei ambayo angekupa mama anayekwenda kukitumia nyumbani. Ukimwuzia mchuuzi jioni moja, jua kwamba umemwuzia na haraka yako pia, na haraka ina gharama yake.

Tena yuko asiyejua. Huyo hutaja kilicho mfukoni mwake, akadhani ndiyo thamani ya kitu. Na siku hizi za simu wameongezeka wale ambao hawajakiona kitu kwa macho. Umetuma picha moja, na kabla hujaiweka simu mezani limekuja swali: "Mwisho ngapi?" Mtu huyo anataka uteremke kabla yeye hajapanda. Mjibu kwa upole, "Njoo ukione kwanza, kisha tuzungumze," nawe utaona jinsi wengi wao wanavyonyamaza.

Lakini wa mwisho ndiye aliyenileta hapa leo. Huyu amenusa shida yako. Amesikia kwa majirani kwamba kuna karo ya kulipwa, au maiti iko chumba cha maiti na gharama inaongezeka kila siku. Haji asubuhi. Huja jioni, wakati wengine wote wamekwisha kuondoka. Huongea kidogo. Hutaja bei yake mara moja, kisha hutazama saa.

Sasa, utajuaje kwamba bei aliyotaja ni ndogo mno? Wengi wetu hatujui. Tunahisi tu, na hisia za muuzaji ni shahidi dhaifu. Hapa Mambo ya Walawi 25 yatatusaidia kuliko mnavyodhani. Mungu anawapa Israeli sheria ya kuuza shamba. Shamba lingerudi kwa mwenyewe mwaka wa hamsini, mwaka wa yubile. Basi bei ilihesabiwa kwa miaka iliyobaki: miaka ikiwa mingi bei inapanda, ikiwa michache bei inashuka, kwa sababu kinachouzwa hasa ni hesabu ya mavuno. Na katika habari hiyo hiyo Mungu anakataza mtu kumpunja mwenzake. Angalieni, amri hiyo imewekwa juu ya anayeuza na juu ya anayenunua pia. Sisi wahubiri tumezoea kumkemea muuza duka mwenye mizani ya uongo, lakini mnunuzi tumemwacha akae kiti cha nyuma bila kuguswa.

Chukueni kanuni ile mwiweke juu ya cherehani. Tuseme cherehani mpya ya aina ile ni shilingi 20,000, na ikitunzwa itafanya kazi miaka 20. Umeitumia miaka 8. Imebaki mavuno 12, kwa hiyo hesabu yako ya kwanza ni shilingi 12,000. Halafu mwite fundi aitazame kabla ya mnunuzi kuitazama. Akisema mkanda umelegea na sehemu moja imelika, na kwamba matengenezo ni shilingi 1,500, basi thamani yake ni 10,500. Kisha pita sokoni uulize zile zilizotumika zinauzwaje, kwa sababu watu wengi hawataki kulipia kuukuu bei iliyo karibu na mpya. Kuuliza si ujinga. Mkiisha kuuliza, mke na mume wakae, waandike katika karatasi bei ya kuanzia na bei ambayo chini yake hawatauza. Tuseme wanaanza 12,000, nao hawatateremka chini ya 10,000. Karatasi hiyo ikae ndani ya sanduku. Mtu asiyeiandika kabla, ataandikiwa na mgeni.

Mnunuzi amekuja. Anasema, "Mama, nitakupa elfu nne." Usiruke kwa hasira. Usimwambie kwamba amekutukana, hata kama moyo unakuambia hivyo. Mwambie, "Asante kwa kuja. Mimi nimesema elfu kumi na mbili. Je, umeona ina kasoro gani?" Swali hilo ni zuri sana. Akitaja kasoro ya kweli, mkubalie, mpunguzie gharama ya fundi, maana hiyo ni haki yake. Akiwa hana cha kutaja, elfu nne yake imebaki hewani bila mguu wa kusimamia, naye mwenyewe anajua.

Hapa kuna mtego ambao umewanasa wengi, nao unavaa nguo za haki. Mnunuzi anacheka, anasema, "Haya Mama, tusigombane, tugawane katikati." Katikati ya 4,000 na 12,000 ni 8,000. Unaona kama mmekutana njiani kwa udugu, kumbe umeteremka elfu mbili chini ya bei uliyoandika. Katikati hutegemea mahali alipopigilia kigingi chake. Kama angeanza na 8,000, katikati ingekuwa 10,000. Ndiyo sababu alianza na 4,000. Basi usimjibu kwa kuifuata namba yake. Mjibu kwa hesabu yako, ya miaka na ya fundi. Wala usishuke ngazi mbili yeye akiwa hajapanda hata moja. Akiondoka, mwache aondoke kwa amani, mwambie karibu tena. Wengi hurudi kesho yake.

Je, ni lazima umweleze kwamba unauza kwa sababu ya karo? Mama mmoja aliniuliza hivyo, akiogopa kwamba kunyamaza ni kusema uongo. La, si uongo. Ukificha kwamba chuma kimepasuka umemdanganya, kwa sababu chuma ndicho anachonunua. Shida yako hakuja kuinunua. Lakini usitunge maneno. Usiseme kuna mteja mwingine anakuja saa kumi kama hayupo. Usiseme uliinunua elfu thelathini kama uliinunua ishirini. Na zaidi ya yote, usiseme "bei ya mwisho" kisha utoe nyingine ya mwisho, na nyingine tena. Bwana wetu katika Mathayo 5:37 alitaka ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo, wala hakulitenga soko.

Ndugu zetu Marafiki walilichukua jambo hili kwa uzito kutushinda sisi Waanglikana. Kule Uingereza, katika karne ya kumi na saba, George Fox na wenzake walikataa kabisa kubishana bei. Walisema, kutaja bei usiyokusudia kuipokea ni uongo. Kwa hiyo walitaja bei moja tu, nayo ikawa hiyo hiyo kwa wote. Mwanzoni wateja waliwaepuka. Baadaye watu waliona kwamba hata mtoto angeweza kutumwa dukani kwao asipunjwe, wakarudi. Wamishonari watatu wa Marafiki, Wamarekani, walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Marafiki walioko Kenya ni wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote duniani. Sijui kama wale wa Kaimosi huuza ng'ombe kwa bei moja! Mimi kwa upande wangu sioni dhambi katika kupatana bei, maadamu pande zote mbili wanajua kwamba wanapatana. Ni mazungumzo, na mara nyingi ni mazungumzo ya furaha. Lakini nawaheshimu Marafiki kwa kuona mahali ambapo utani hugeuka kuwa hila.

Niseme na juu ya "bei ya kindugu". Mtu hununua kwa Mhindi dukani kwa bei iliyoandikwa bila kunung'unika, lakini akifika kwa mshirika mwenzake anasema, "Sisi ni ndugu katika Kristo, nifanyie nusu." Kwa nini udugu wetu uteremshe bei siku zote wala usiipandishe hata siku moja? Someni Mwanzo 23. Abrahamu amefiwa na Sara, naye ni mgeni Hebroni, hana hata mahali pa kuzika. Efroni anaanza kwa maneno matamu, eti atampa shamba bure. Kisha katikati ya maneno hayo anataja shekeli 400 za fedha, na kuuliza kiasi hicho ni nini kati ya marafiki. Abrahamu hakubishana. Alipima fedha zote mbele ya mashahidi langoni mwa mji, akamzika mkewe. Daudi naye, alipopewa bure kiwanja na ng'ombe wa Arauna, alikataa, akalipa shekeli 50. Watu hao walijua thamani ya kulipa.

Lakini muuzaji naye ajichunguze. Kama watu watatu wasiojuana, katika muda wa majuma mawili, wametaja bei inayokaribiana, basi huenda aliyepotea ni wewe. Kiti alichokalia marehemu baba yako kina thamani kwako ambayo mgeni hawezi kuilipia, naye hana kosa. Na kitu kinacholala ghalani kikingoja bei ya ndoto zako, panya hawangoji. Hapo pokea kilichopo, shukuru, funga mlango. Au kama unaona ni heri umpe mtu anayekihitaji bure, mpe bure kweli, bila kumkumbusha kila Jumapili.

Kuhusu malipo nitakuwa mfupi. Mtu akisema nimekipenda nitarudi mwisho wa mwezi, mwombe arabuni, na mwandikiane mbele ya shahidi. Neno hilo arabuni mnalijua kanisani. Mtume Paulo alilichukua sokoni akalitumia kwa Roho Mtakatifu, maana arabuni hutolewa na mtu aliyekusudia kweli kumaliza. Akikulipa kwa M-Pesa, usitosheke na ujumbe ulioingia, kwa kuwa wako wanaotunga ujumbe wa uongo. Angalia salio lako mwenyewe katika simu yako kabla kitu hakijavuka kizingiti. Na mwanamke asimpokee mnunuzi asiyemjua nyumbani akiwa peke yake.

Sasa nirudi kwa yule anayekuja jioni. Askofu Augustino wa Hippo, huku kwetu Afrika upande wa kaskazini, aliyefariki mwaka 430, anasimulia katika kitabu chake juu ya Utatu habari ya mchekeshaji mmoja aliyewaahidi watu wa mji kwamba atawaambia kile ambacho kila mmoja wao anakitaka moyoni. Watu wakajaa. Akawaambia kwamba wote wanataka kununua kwa bei rahisi na kuuza kwa bei kubwa. Wakapiga makofi, wakiona amewajua. Lakini Augustino anasema alimfahamu mtu mmoja ambaye hakuwa hivyo. Mtu huyo aliletewa kitabu kununua, akaona kwamba mwenye kitabu hajui thamani yake na kwa hiyo ametaja bei ndogo. Akamlipa bei ya haki, ambayo yule muuzaji hakuitazamia.

Nilisoma habari hiyo nikiwa chuo cha theolojia. Niliiwekea alama kwa kalamu nyekundu.

Miaka michache baadaye nilikuwa kasisi kijana katika parishi yangu ya kwanza. Mke wangu alikuwa akitaka cherehani. Mwanzo wa Januari alinijia mjane mmoja wa parishi, mke wa marehemu mwalimu, akaniomba niombe naye. Mwanawe alikuwa ameitwa kidato cha kwanza, na siku ya kuripoti ilikuwa Jumatatu. Aliniambia ni kiasi gani kimepungua. Tukapiga magoti. Tulipoinuka akasema anaiuza cherehani yake, ile aliyokuwa akiwashonea watu sare, na kama namjua mtu anayeihitaji nimwambie. Alitaka shilingi 9,000.

Jumamosi jioni nilikwenda kwake. Nilijua kwamba hakuna mwingine aliyekuja, na nilijua habari ya Jumatatu. Nikaizunguka mara mbili. Nikasema, "Mama, hii ni ya zamani, na mkanda umekwisha. Mimi nina elfu nne." Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Sawa, Mchungaji." Nikaibeba. Juma lile tulikuwa na mkutano wa makasisi, na wakati wa chakula niliwasimulia wenzangu jinsi nilivyoipata. Walicheka, wakasema nina jicho la biashara.

Kijana alifika shule akiwa amechelewa siku tisa, baada ya mama yake kukopa.

Ilikuwa miezi mingi baadaye, katika Sala za Asubuhi, somo lilipoangukia Mithali 20. Msomaji alikuwa mtoto wa shule ya Jumapili, naye alisoma polepole, neno kwa neno. Alipofika mstari wa 14 niliinama kitini nikashindwa kuinuka kwa ajili ya wimbo. Siku ya pili nilimweleza mke wangu yote, maana hakujua kwamba nilikuwa nimesikia habari ya karo kwanza katika maombi. Alisema turudishe cherehani siku ile ile. Tukaenda nayo, pamoja na shilingi elfu tano.

Yule mama alitukaribisha, akatupikia chai. Cherehani hakuitaka, kwa sababu alikuwa amekwisha kupata kibarua cha kuuza mboga. Zile elfu tano alizipokea, akazihesabu mbele yetu, akaniambia hizo ni zake kwa haki na kwa hiyo hatanishukuru sana. Nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe, nami naamini alisema kweli. Kisha, alipokuwa akitusindikiza hadi njiani, akasema, "Lakini Mchungaji, tangu siku ile shida zangu namwambia Mungu peke yangu. Sikuleta tena kwako. Nilidhani unajua."

Sikuwa nimejua. Alikuwa akija ibada kila Jumapili, naye alikuwa akinipa mkono mlangoni kama wengine.

Wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Na tuombe.

Ee Bwana, leo jioni yuko mtu anayetoa kitu chake cha mwisho nje ya mlango ili akiuze, na yuko mwingine anayetembea kwenda kwake akiwa anaijua shida yake. Kutana nao wote wawili kabla bei haijatajwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.